Shangazi Akifika Themanini

Gari lile waliliita Shangazi. Jina hilo alilitoa marehemu mume wa Mama Makochi siku ileile alipolifikisha nyumbani. Alisema linalifaa kabisa, maana linaanza kupiga kelele kabla halijafika, na likifika linafika na mizigo. Dada yake mwenyewe, ambaye ndiye shangazi halisi wa watoto, alipopata habari alinuna weee, halafu akaja kwa miguu yake kuomba apelekewe kabati.

Lilikuwa pikapu kuukuu la rangi ya maziwa yaliyolala. Mlango wa abiria ukiufunga kwa adabu haufungiki, mpaka uubamize kama uliyegombana na mwenye nyumba. Ndani kulikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu, na kiti hicho Mama Makochi alikishona kwa mkono wake. Kazi yake ndiyo hiyo. Anayavua makochi vitambaa vilivyochakaa, anakaza mikanda, anafunga springi, anapanga sponji, anayavisha upya. Kochi linaingia kwenye karakana yake limelegea kama mtu aliyetoka kwenye homa, linatoka limevimba kifua.

Sehemu moja tu alikataa kuigusa, upande wa dereva wa kiti cha Shangazi. Pale sponji ilikuwa imebonyea, ikaacha shimo la umbo la mtu mmoja, mrefu kidogo, aliyependa kuegemea mlango. Wateja waliopanda naye walimcheka.

"Mama Makochi, watu unawatengenezea viti vya kifalme, mwenyewe unakalia shimo?"

"Shimo langu, makalio yangu," alijibu. "Wewe linakuwasha wapi?"

Hakumwambia mtu kwamba tangu mumewe afariki, mahali pekee alipomkuta bado akiwa na umbo lake ni pale kwenye kiti. Nguo zilishagawiwa. Kitanda kilishasahau. Sponji ilikumbuka.

Sasa Shangazi naye alianza kutetemeka. Mjini hakuwa na neno, alipita sokoni na kwenye mitaa ya matope akiwa mtulivu kama kondoo. Taabu ilikuwa barabara kuu. Akifika kilomita sabini kwa saa anaanza kuguna. Akizidi kidogo, kioo cha kutazamia nyuma kinatia ukungu, huoni kama linalokufuata ni lori au ni mwisho wa dunia. Akifika themanini, gari zima linashikwa na homa, makochi huko nyuma yanacheza ngoma, na vifundo vya kamba vinaanza kufunguka vyenyewe.

"Basi nenda sitini," watu walimshauri, hasa wale wasio na gari. Kwenye barabara ile malori yanateremka yakiwa na haraka kama yameibiwa. Ukienda sitini unapigiwa honi ya matusi, unapitwa kwenye kona, na upepo wa lori unakusukuma mtaroni.

Ndivyo ilivyotokea siku alipompeleka shemeji yake. Shemeji ni mdogo wa marehemu, muuza rangi za nyumba, mtu wa suruali zenye mistari na hofu nyingi. Aliomba lifti. Walipofika kwenye mteremko lori likawakalia mgongoni, Mama Makochi akakanyaga mafuta, Shangazi akafika themanini, na mtikisiko ukaja wa namna ambayo kifuniko cha redio kilitoka mahali pake kikamwangukia shemeji mapajani.

"Shemeji, simamisha!"

"Nisimame wapi, na lori liko matakoni?"

"Simamisha nasema!"

Alipopata nafasi pembeni alisimama. Shemeji akashuka, akajishikiza kwenye mti, akarudi na jasho puani.

"Kaka tulishamzika," alisema. "Mimi mgongo wangu unauma, sichimbi kaburi jingine. Gari hili liende chuma chakavu."

"Chakavu ni hiyo suruali."

"Nacheka mimi? Naongea na mama mzima."

Hakuishia hapo. Alimpigia simu binti wa Mama Makochi, ambaye ameolewa mji ule mwingine, mwisho wa hiyohiyo barabara kuu, wakashauriana. Ndugu wakikubaliana jambo nyuma ya mgongo wako, wanakuja kukuita mezani na kusema wanataka maoni yako.

"Mama, uza tu," binti alisema kwenye simu. "Ukija kwangu utapanda basi."

"Na makochi ya wateja nayo yatapanda basi? Yatakaa dirishani yanakula karanga?"

"Utakodi gari, mama."

"Nikodi. Sawa. Na baba yako nimkodi wapi?"

 Binti akasema taratibu, "Mama, sitaki kupigiwa simu na polisi wa barabarani. Ndiyo hiyo tu."

Hilo ndilo lililomshika Mama Makochi. Maneno ya shemeji aliweza kuyakanyaga, ya binti hakuweza. Akatoa ahadi kwa mdomo wake, mbele ya shemeji. Mnunuzi wa chuma chakavu aje Jumamosi asubuhi. Kama Shangazi atakuwa bado anatetemeka, funguo atazitoa yeye mwenyewe, bila kelele.

"Bila kelele?" shemeji aliuliza. "Wewe?"

"Kelele nitaziweka akiba, nikupigie wewe siku nyingine."

Sasa, gereji aliyoitegemea ilikuwa ya mtu aliyeitwa Daktari. Jina alijipa mwenyewe, akalinunulia na koti. Lilikuwa koti jeupe la kweli, refu mpaka magotini, ila weupe wake ulikuwa umebaki kwenye kola peke yake, kwingine kote ni oili. Daktari alikuwa fundi mzuri, ubaya wake ni kwamba alipenda kusikilizwa kuliko kusikiliza. Gari likiingia, kabla mwenye gari hajafungua mdomo, yeye alishajua ugonjwa.

Mara ya kwanza alisema ni magurudumu hayajabalansiwa. Yakabalansiwa, vikapigiliwa vipande vya risasi kwenye rimu, Shangazi akaendelea kutetemeka. Mara ya pili akasema ni bushi za mbele, zile raba za kwenye vyuma vya magurudumu. Zikabadilishwa. Mara ya tatu akasema ni alaimenti, gari linavuta kushoto. Likanyooshwa, na Shangazi akawa anatetemeka kwa unyoofu kabisa.

"Mama, mimi nimelijaribu mwenyewe, liko sawa," alisema kila mara.

"Umelijaribu wapi?"

"Hapa. Mpaka kwenye stendi na kurudi."

"Hapo kuna matuta kama mgongo wa mamba. Ulifika themanini ukiwa unaruka?"

Daktari akakuna kichwa. Ukweli ni kwamba hakuwa amelipeleka barabara kuu hata siku moja, kwa sababu leseni yake ilikuwa imeisha na kule askari hawakosekani kila kona. Hilo hakulisema, lakini mji mzima ulilijua.

Basi Alhamisi Mama Makochi alifika gereji akiwa ameshafunga kilemba cha safari.

"Leo naendesha mimi," alisema. "Wewe kaa pembeni, ufunge mdomo, ufungue masikio. Jumamosi wanakuja kumchukua huyu. Akichukuliwa kwa ajili ya bushi zako, nitakuja hapa na sindano ya kushonea godoro nikushone mdomo kwenye hiyo kola."

Daktari akapanda. Akabamiza mlango inavyotakiwa.

Walitoka mjini, wakapita mahali pa kuuzia mbao na vibanda vya mwisho, barabara ikafunguka. Sitini, kimya. Sabini, Shangazi akaguna. Mama Makochi akakanyaga, mshale ukapanda, na kwenye themanini homa ikamshika kama kawaida yake. Kalamu iliyokuwa kwenye mfuko wa koti la Daktari ikaanza kuruka.

"Lo!" alisema Daktari, kama mtu anayeletewa habari mpya.

"Ndiyo. Salamu zako hizo."

"Toa gia. Usizime, toa gia tu, tuache gari liteleze."

Mama Makochi akatoa gia. Injini ikashusha sauti, lakini mtetemeko ukabaki palepale, ukapungua tu kadiri gari lilivyopungua mwendo.

"Injini haimo," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayefikiri. "Rudisha gia. Panda tena. Sasa mama, samahani, nakuuliza kitu. Unausikia wapi? Mikononi, kwenye usukani, au... huko..."

"Huko wapi?"

"Huko ulikokalia."

"Makalioni, Daktari. Taja, hayang'ati." Akaushika usukani kwa vidole viwili tu, ukakaa umetulia. "Mikono iko salama. Unapanda kutoka chini ya kiti, nyuma huku. Mimi viti ndiyo kazi yangu. Springi ikiugua upande wa kushoto wa kochi naijua kabla sijakaa vizuri."

"Kumbe!" Daktari alijipiga paja. "Mbona hukuniambia siku zote?"

"Ulinipa nafasi?"

 Daktari akaeleza, safari hii polepole. Mtetemeko wa magurudumu ya mbele unakuja mikononi, usukani unacheza. Ukija kwenye kiti, tafuta nyuma: magurudumu ya nyuma, au lile bomba refu la chuma linalopita chini katikati ya gari, linalozungushwa na gia na kuzungusha magurudumu ya nyuma. Propela shafti.

"Tairi za nyuma tulishazibalansi," alisema. "Turudi. Nataka kulala chini ya huyu bibi."

Lakini Mama Makochi alikuwa kama hamsikii. Lile swali la mikononi au kwenye kiti lilikuwa limemgusa mahali. Alishawahi kuulizwa. Si hivyo, si kwa maneno hayo, lakini alishawahi kuulizwa, kwenye barabara hiihii, kwenye jua kama hili. Akaendesha mpaka gereji akikunja uso, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani.

Shangazi alipandishwa jeki, akawekewa magogo. Daktari akaingia chini. Mama Makochi naye akafunga kanga kiunoni, akaingia upande wa pili.

"Mama, utachafuka."

"Maisha yangu yote nalala chini ya makochi. Sogea, usinizibie mwanga."

Daktari alitikisa krosi za mbele na za nyuma, zile zinazoshika ncha za shafti. Zilikuwa ngumu, hazina mchezo. Akaizungusha shafti kwa mkono. Haikuwa imepinda. Akaipangusa kwa tambara, akasimamisha kidole.

"Unaona hapa? Kuna kovu. Kiwandani wanachomelea kipande kidogo cha chuma cha kusawazisha uzito, kama tunavyoweka risasi kwenye rimu. Kipande kimeng'oka. Basi shafti ina upande mzito na upande mwepesi. Taratibu haisumbui, lakini ukiizungusha kwa kasi inarusha. Ndiyo homa yenyewe hii."

"Kiling'oka lini?"

"Zamani mno. Kovu lenyewe limeota kutu kama..." Akatafuta mfano mbele ya mwanamke mwenye ulimi, akaona bora asimalizie. "Ajabu yake, angekuwa anatetemeka miaka yote."

"Hakuwa anatetemeka. Kaanza baada ya mume wangu."

"Basi sielewi." Akaipangusa tena shafti, karibu na ncha ya nyuma. "Na hii pete ni ya nini?"

Mama Makochi akanyoosha shingo. Kwenye chuma kilichojaa kutu kulikuwa na mstari uliozunguka bomba lote, upana wa kidole, msafi, kutu yake changa. Kama alama inayobaki kwenye kidole cha aliyevua pete ya ndoa.

"Hapa palikuwa na kitu kimefungwa," Daktari alisema. "Mkanda fulani."

 Mama Makochi alitoka chini ya gari kinyumenyume, akasimama, akasahau mkoba, akasahau na kiatu kimoja kilichovuka, akarudi akakivaa, akaondoka.

"Mama! Vipi?"

"Usimguse mpaka nirudi!"

Marehemu alikuwa mtu wa kufungafunga. Kitu kikivunjika nyumbani hakitupwi, kinafungwa. Lango lilifungwa waya, redio ilifungwa mpira, miwani yake ilifungwa uzi mpaka ikafanana na mkono wa aliyevunjika. Mama Makochi ni mtu wa kinyume chake. Yeye akiona uzi unaning'inia anaukata. Kwenye kitambaa, kwenye nguo ya mtu asiyemjua, hata kanisani aliwahi kumkata uzi mama wa mbele yake katikati ya maombi. Waliishi hivyo, mmoja anafunga, mwingine anakata, na wakicheka wanacheka kwa hilo.

Alipofariki, Mama Makochi hakuweza kukaa kitako. Alisafisha. Alisafisha nyumba mpaka rangi ikaanza kutoka, akaingia karakana, kisha akamgeukia Shangazi. Akalala chini na brashi ya waya akikwangua matope ya miaka. Huko ndiko alikokuta mkanda wa chuma wenye skrubu, klipu ile ya kukazia mipira ya rejeta, ila kubwa, umefungwa kwenye bomba bila sababu yoyote. Haukushika kitu. Haukukaza mpira. Umekaa tu. Akasema kwa sauti, peke yake chini ya gari, "Na huku ulifunga? Baba, huku nako?" Akalia kidogo. Akafungua skrubu, akautoa, kama anavyokata uzi.

Na kwa kuwa klipu ilikuwa nzima, na mguu wa meza yake ya kukatia vitambaa ulikuwa umepasuka, aliufunga nayo hapo. Ikakaa sawasawa. Alijiona naye ameanza kurithi tabia.

Sasa alisimama mlangoni mwa karakana akihema. Meza ilikuwa mahali pake, imelaliwa na mahameli ya kijani na mkasi mkubwa. Akapiga magoti, akaishika klipu pale kwenye mguu, na kila kitu kikamrudia kwa mkupuo.

Ilikuwa mwaka aliolileta gari. Mumewe alimwambia, "Panda, leo nakufundisha kuendesha." Akampeleka barabara kuu, wakati huo magari ni ya kuhesabu, mpaka walipoliona kwa mbali bango kubwa la sabuni. Akatandika chini mabaki ya sponji aliyomnyang'anya karakana, akasema, "Nenda mpaka bangoni, ufike themanini, urudi." Alienda akitetemeka, yeye na gari. Aliporudi, mwanamume alimuuliza, "Kiti kinasemaje?"

"Kiti? Mbona huniulizi mimi?"

"Wewe nakujua. Kiti kinasemaje?"

"Kinanitikisa mpaka meno."

Akaingia chini ya gari na bisibisi, akatoka. "Haya, tena." Akaenda, akarudi. "Kiti kinasemaje?" Tena. Tena. Yeye akadhani ni mizaha yake, akadhani ni namna ya kumtoa woga. Akawa anajibu upuuzi: kiti kinasema umenuna, kiti kinasema kina njaa, kiti kinataka kurudi kwao. Mwanamume anacheka huko chini, miguu tu ndiyo inaonekana. Mpaka safari moja akarudi, akamwambia kwa mshangao, "Kiti kimenyamaza." Mumewe akatoka chini, amepakaa mafuta mpaka kwenye nyusi, akampigia makofi katikati ya barabara tupu. Mama Makochi akadhani anapigiwa makofi kwa kuwa ameshajua kuendesha.

Kumbe alikuwa anazungusha klipu. Kichwa cha skrubu ndicho uzito wenyewe, akakitafutia upande wa kukaa, na kipimo kilikuwa yeye. Siku ile aliyoihesabu kuwa siku yake ya kujifunza gari, siku aliyowasimulia watoto mpaka wakaikariri, mumewe alikuwa anatengeneza shafti. Wala hakusema. Pengine hata hakuona tofauti. Yote mawili yalifanyika, na yote mawili yalikubali.

"Mjinga wewe," Mama Makochi aliiambia klipu. "Si ungesema?"

Akafungua skrubu. Mguu wa meza ukafunguka, kona ikashuka, mkasi ukateleza ukaanguka, na mahameli ya kijani yakamfunika kichwa. Akakaa humo chini muda kidogo. Hakuwa na haraka ya kutoka.

Ijumaa asubuhi waliondoka mapema, yeye na Daktari, na mabaki ya sponji nyuma. Daktari alitaka kupinga. Alisema kuna mashine ya kupimia shafti, iko mji wa mbali, ndiyo njia ya kitaalamu. Akaambiwa mnunuzi wa chakavu hasubiri utaalamu. Alipoelezwa habari ya klipu aliigeuzageuza mkononi, kisha akasema, "Mimi nisingeiwaza hii." Akaongeza haraka, "Leo. Kesho ningeiwaza."

Bango lilikuwa palepale mbele, ila sabuni imeondoka, siku hizi linatangaza simu. Daktari akatandika sponji pembeni ya barabara, akaingia chini ya Shangazi na koti lake, akafunga klipu kwenye ile pete ya zamani. Alama ilionyesha mahali tu, haikuonyesha kichwa cha skrubu kilitazama upande gani. Hapo hapakuwa na njia nyingine ila ile ya marehemu.

"Nenda," alisema.

Akaenda. Themanini. Shangazi alitikisika vibaya kuliko jana, dashibodi ikalia kama debe la misumari. Alirudi, akasimamisha gari.

"Inasemaje?" Daktari aliuliza.

"Uliza vizuri. Sema, kiti kinasemaje."

"Mama, kuna jua hapa..."

"Sema."

"Kiti kinasemaje?"

"Kinasema zungusha, maana hapo umekosea kabisa."

Akazungusha robo. Akaenda, akarudi. Nafuu. Akazungusha tena. Homa ikarudi. Akarudisha nyuma kidogo. Kila safari Mama Makochi alikaa ndani ya lile shimo la sponji, mgongo kwenye mgongo usiokuwepo, akisikiliza kwa makalio kama anavyosikiliza kochi la mteja. Kuna safari alikata tamaa. Mtetemeko ulikuwa umebaki kidogo tu, mtu mwingine angesema inatosha, lakini yeye aliahidi hautakuwepo, na Jumamosi ilikuwa kesho.

"Ukucha mmoja," alisema. "Zungusha upana wa ukucha. Upande wako."

"Ukucha? Hiki si kitambaa, mama."

"Ukucha, Daktari."

Akaenda. Sitini. Sabini. Akangoja mguno, haukuja. Mshale ukapanda, ukagusa themanini, ukatulia pale. Kioo cha kutazamia nyuma kikawa safi, akaona barabara yote nyuma yake, imenyooka, na kwa mbali nukta nyeupe ya kola ya koti. Mlango uliimba kidogo. Ule wimbo wa mlango alikuwa ameusahau, sauti nyembamba ya kioo, ambayo mumewe alizoea kuifuatiza kwa kuguna nje ya tuni mpaka wafike. Tangu aanze kusafiri peke yake, mtikisiko ulikuwa umeizima. Sasa ilikuwepo, imekaa mahali pake, inangoja mtu wa kuifuatiza.

Akafika bangoni. Hakugeuza. Alipita, akaenda, akaenda, akaiguna ile sauti, nje ya tuni vilevile, akiwa ameegemea mlango.

Aliporudi, Daktari alikuwa amesimama katikati ya sponji, mikono kiunoni, magari yote yanapiga honi kumwona mtu wa koti la daktari peke yake kando ya barabara.

"Nilidhani umekwenda kuzaa!"

"Kiti kimenyamaza," alisema Mama Makochi.

Daktari alikuwa na tusi jingine tayari. Alipomtazama usoni akalimeza. Akaikaza skrubu mara ya mwisho, akaipaka rangi isilegee, akapanda gari, na njia nzima hakutoa ushauri hata mmoja, jambo ambalo halijapata kutokea.

Jumamosi shemeji alifika na mnunuzi wa chuma chakavu, mtu mnene mwenye minyororo begani. Mama Makochi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha karakana, anashona. Hakusimama. Alitoa funguo mfukoni akamrushia shemeji.

"Nilisema nitazitoa bila kelele. Hizo. Ila mpeleke mwenyewe mpaka bangoni, ufike themanini, ndipo umkabidhi huyu bwana."

"Mimi? Peke yangu?"

"Na suruali yako."

Shemeji alitoka akiwa ameshika usukani kama mtu anayeshika nyoka. Mnunuzi alikaribishwa chai, akanywa, akamaliza, akakaribishwa nyingine. Shangazi alisikika kabla hajafika, kama desturi yake. Akaingia uani, akazimwa. Shemeji hakushuka. Alibaki ndani, kiwiko dirishani, ameegemea mlango bila mwenyewe kujua.

Mama Makochi akamsogelea. "Kiti kinasemaje?"

"Kaka alikuwa anakaa hivi," shemeji alisema. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye kioo. "Nilikuwa nakaa pale katikati. Bega lake linanigonga hapa kila kona." Akajishika mahali kwenye mkono wa juu. "Nimefika bangoni, nimepitiliza."

"Wote tunapitiliza."

Mnunuzi aliuliza kama kuna chuma au hakuna. Akaambiwa hakuna, akakusanya minyororo yake, akashukuru kwa chai. Shemeji akampigia binti simu yeye mwenyewe, akamwambia mama yako anakuja wiki hii, usimtafutie basi, na asije mtu akamgusia habari ya kile kiti.

Kabla ya kuondoka aliingia karakana kuaga, akaweka mkono kwenye meza ya kukatia. Meza ikayumba. Mguu uliopasuka ulikuwa umefungwa sasa kwa mkanda wa makochi, umezungushwa na kupigiliwa misumari, na haukushika kama klipu ilivyoshika.

"Shemeji, meza hii inatetemeka. Niletee vipimo nikutafutie mguu mpya."

Mama Makochi alichukua mkasi, akaona uzi unaning'inia kwenye fundo la ule mkanda. Akauinamia, mkasi umefunguka. Halafu akafunga mkasi, akauacha uzi uning'inie.

"Iache," alisema. "Nimeshaizoea."